Bosi Anataka Maji Yajae Saa Tatu Kamili

Mimi ni karani, tena si karani wa benki wala wa korti, wale wenye feni na kiti cha kuzunguka. Mimi ni karani wa simiti. Simiti hutoka bara kwa lori hadi Mokowe, ikapakiwa chomboni, ikavuka mpaka Amu, yaani Lamu kisiwani, ikateremshwa gatini, punda wakaipokea wakaipeleka mitaani kwa mwenye nyumba. Yangu ni kuandika tu: iliyotoka, iliyofika, iliyolowa. Kwa haki yake hii ni kazi ya mtu kuzeeka nayo akiwa na meno yake yote.

Balaa limeanza na bosi mpya. Yuko Nairobi, kijana msomi, na sijawahi kumtia machoni ila kwenye picha ya WhatsApp, amevaa suti na kukunja mikono kama mtu aliyekuja kudai deni. Kila ujumbe wake una neno "dharura". Dharura ya ripoti, dharura ya kikao, dharura ya kuthibitisha kwamba dharura ya jana imepokelewa.

Juzijuzi akatutumia ratiba ya Excel, ina rangi utadhani mkeka wa bibi harusi umefumwa upya. Humo imeandikwa kwamba chombo cha kwenda Siyu na Faza, kisiwani Pate, kitapita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, kila siku saa tatu kamili asubuhi. Nikamwandikia kwa adabu zote: bosi, Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakipwa, nahodha hutia nanga akateleka chai. Na huko kujaa kwenyewe husogea mbele karibu dakika 50 kila siku, kwa hivyo yakijaa saa tatu leo, kesho ni karibu saa nne, kesho kutwa tunakaribia saa tano.

Akajibu: "Asante kwa maelezo. Tafadhali wasiliana na wahusika ili tupate muda usiobadilika."

Wahusika! Mhusika mkuu ni mwezi, namba yake sina. Msaidizi wake ni jua, naye mchana kutwa yuko kazini.

Hapo sijasema habari ya fomu. Kila mzigo ukishuka lazima nijaze fomu: aina ya gari, namba ya usajili, jina la dereva, kilomita, mafuta yaliyotumika. Sasa njoo usimame nami kwenye kichochoro cha Mkomani, kuta mbili zimekubana mabega, na gari langu ni punda. Namba ya usajili nimeandika herufi za mwenye punda, zile punda alizotiwa alama mwilini. Kilomita nimekadiria. Mafuta: majani na maganda ya maembe. Baada ya wiki ikaja barua ya wakaguzi kwamba maganda ya maembe hayamo katika orodha ya mafuta yaliyoidhinishwa, tafadhali ambatisha risiti.

Mtu akiishi hivi, kichwa huanza kuingia mchwa. Usiku nikawa nasikia mlio wa simu, naamka, simu yenyewe haina hata chaji. Asubuhi moja nikamwambia mwanangu wa darasa la pili: "Naomba maelezo kwa nini uji huu haujakamilika." Mtoto akamtazama mama yake. Mama yake akanitazama mimi. Hakusema kitu, lakini jioni nilikuta amenitolea kanzu safi na kadi ya kliniki kitandani, maana yake nenda kapimwe.

Nesi akanifunga kile kitambaa mkononi, akapiga pampu, akakunja uso. Presha imevuka 140 kwa 90, na huo ndio mpaka. Akauliza nakula chumvi nyingi? Nikamwambia mimi nala ripoti. Hakucheka. Akaniambia nipunguze chumvi, nilale, na nipunguze mawazo. Ningependa sana kujua mawazo hupunguzwa vipi, kwa sababu chumvi angalau unaweza kuificha kijiko.

Siku zile ndipo nikaona kitu pale gatini kilichonichoma roho. Punda mmoja, mmoja katika wale madereva wangu, alikuwa na kidonda mgongoni. Akapelekwa kwenye kliniki ya punda, ile iliyoko hapa Amu tangu 1987, akatibiwa bure, na mwenyewe akaambiwa: huyu habebi mzigo mpaka apone. Waungwana, punda kaandikiwa mapumziko! Hakujaza fomu, hakuulizwa nani atakaimu nafasi yake.

Mimi nami kwa karatasi si haba. Sheria ya Ajira ya 2007 inanipa likizo ya siku 21 za kazi kila mwaka kwa mshahara kamili, na siku moja ya kupumzika katika kila siku 7. Tofauti yangu na punda ni kwamba punda akichoka husimama. Anasimama katikati ya njia, watu wanajipanga nyuma yake, mwenye karai la samaki, mwenye mkokoteni, hata wakubwa wa kaunti na mafaili yao, na hakuna anayemwandikia "kumbusho la mwisho".

Mpwa wangu, ambaye anasoma chuo na hawezi kuona mtu ana dhiki asimsomee kitu, akaniambia Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilikwisha kuueleza uchovu huu unaoletwa na kazi: nguvu zinakwisha, kazi unaichukia, na unajiona hufanyi la maana. Nikadhani wamenichungulia dirishani. Akaongeza kwamba 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani walisema mtu anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi huwa juu kwa asilimia 35 kuliko anayefanya saa 35 hadi 40. Nikataka kuhesabu saa zangu, kisha nikaona kuhesabu nako ni kazi na hakuna atakayenilipa.

Nikaenda zangu Mkunguni, mbele ya ngome, nikaketi na wazee. Muuza kahawa akapita na dele lake, nikanywa kikombe, nikawatolea yote: ratiba, wakaguzi, na ile mifuko iliyolowa ambayo bosi anaiulizia kutwa mara nne. Mzee mmoja, nahodha wa zamani, akaniuliza:

"Simiti ikilowa huwa nini?"

"Huwa jiwe, mzee."

"Na isipolowa, mwenye nyumba huifanyeje?"

"Huichanganya na maji iwe jiwe."

"Basi hiyo imetangulia tu."

Wakaguzi siwezi kuwaandikia hivyo, najua. Lakini nilicheka mpaka kahawa ikanipalia, na usiku ule nililala.

Tangu hapo nimejiwekea utaratibu. Ikishaswaliwa Isha, simu yangu inalala kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kati ya birika la kichina na chupa ya marashi, na mke wangu ndiye askari wa zamu. Mwanzo mkono ulikuwa unawasha. Halafu nikagundua jambo: dharura nyingi zikiachwa peke yake hujimaliza. Asubuhi nasoma jumbe kwa mfuatano. Saa tatu usiku: "Dharura! Risiti ya Mokowe iko wapi?" Saa tatu na nusu: "Nasubiri!" Saa nne kasoro: "Usijali, ilikuwa kwangu." Zamani ningekuwa nimeshavaa viatu.

Kazi siichukii, jamani. Ada ya shule hailipwi kwa upepo wa kusi, na siku simiti inapofika kavu, mafundi wakaipokea kwa kelele, hunipendeza hasa. Ni kwamba siku hizi naiacha gatini, haiji kula chakula nyumbani kwangu.

Na sasa bosi anakuja mwenyewe, kuona "changamoto ya maji" kwa macho yake. Ameniagiza nimtumie gari uwanja wa ndege. Nimemweleza kwamba uwanja uko kisiwa cha Manda, atatoka kwenye ndege atembee hadi gatini, ashuke kwenye mashua, na huku Amu nitamwekea punda mmoja wa kubeba mabegi. Ameniandikia kuuliza kama huyo punda ana bima.

Swali limeingia saa nne usiku. Nitamjibu kesho, maji yakijaa.