Hospitali zikishindana, bili inashuka kweli?

Hoja ya kwamba hospitali zikiwa nyingi matibabu yatakuwa ya bei nafuu inaingia akilini haraka sana, maana ndivyo tulivyozoea kwenye simu, nauli, saruji, kila kitu, wauzaji wakiwa wengi mnunuzi anatamba. Mimi naikubali, ila nusu tu.

Chukua mtu kashikwa na kidole tumbo saa nane usiku. Kajikunja, anatapika, ndugu wanahangaika na usafiri. Hapo nani atapiga simu hospitali tatu aulize upasuaji shilingi ngapi? Wanakimbilia ya karibu, wanasaini fomu, bei wataijua siku ya kuruhusiwa, na bili yenyewe ikija ina mistari kibao, kitanda, glovu, dripu, dawa ya usingizi, ada ya daktari, yaani hata ukipewa bili za hospitali mbili uzilinganishe hujui uanzie wapi. Mchumi Kenneth Arrow alishaliandika hili mwaka 1963, kwamba mgonjwa hajui anachonunua, anayejua ni daktari, na daktari huyohuyo ndo muuzaji.

Sasa kama mgonjwa haulizi bei, hospitali zinagombania nini? Zinagombania madaktari bingwa, majengo na mashine. Kule Marekani watafiti Robinson na Luft walionyesha mwaka 1985 kwamba hospitali zenye majirani wengi gharama zao zilikuwa juu kuliko zilizo peke yake, na data waliyotumia ilikuwa ya enzi ambayo walipaji, yaani bima na serikali, walikuwa wanarudisha karibu gharama yoyote hospitali iliyosema imetumia. Inaeleweka. Jirani akifunga MRI, ile mashine ghali ya kupiga picha za ndani ya mwili, na wewe unafunga, usipofunga madaktari watahamia kwake na wagonjwa wao, halafu ikishafungwa haiwezi kukaa bure, mkopo unadai, umeme unadai, fundi anadai, basi ukija na kichwa kinauma tu unaandikiwa kipimo. Eneo ambalo mashine moja ingelitosha sasa zipo tatu, kila moja inalala nusu siku, na huo usingizi wake tunaulipia sisi.

Ila msikimbilie kusema basi ibaki hospitali moja. Utafiti wa Zack Cooper na wenzake uliotoka 2019, walioangalia malipo halisi ya bima binafsi hukohuko Marekani, ulikuta hospitali isiyo na mpinzani kwenye eneo lake inalipwa bei ya juu kwa asilimia 12 hivi kuliko zilizo kwenye maeneo yenye wapinzani wanne au zaidi. Sababu ni kwamba anayebishana bei hapo sio mgonjwa, ni kampuni ya bima, na zikiwepo hospitali nne inaweza kumwambia mmoja shusha au tunakutoa kwenye orodha ya hospitali tunazolipia. Ikiwa moja, itamtishia na nini? Ndo maana hospitali mbili za eneo moja zikiungana na kutuambia tutapata unafuu, mimi huwa nasubiri nione bili kwanza.

Na hata bei ikishuka, angalia imeshukia wapi. Uingereza miaka ya 1990 waliziacha hospitali za umma zishindane mpaka kwenye bei. Foleni zilipungua, watu wakafurahi, kumbe wachumi walipokuja kuchambua baadaye wakakuta penye ushindani mkali vifo vya wenye shambulio la moyo vilikuwa juu zaidi. Foleni ilikuwa inaonekana, vifo havikuwa vinatangazwa, kwahiyo hospitali zikabana pale pasipoonekana. Kuanzia 2006 wakabadilisha, bei inapangwa na serikali, mgonjwa anachagua aende wapi, na safari hii vifo vilipungua zaidi penye wapinzani wengi. Bei ya kupangwa nayo ina ujanja wake, wapo wanaochambua wagonjwa kama mchele, mwenye kisukari na presha na figo, ambaye gharama yake itaizidi bei iliyopangwa, anaambiwa aende hospitali kubwa, lakini angalau mgonjwa haponzwi na bei ya chini.

Kwahiyo mimi naona tusiongelee matibabu kama kitu kimoja. Mtoto wa jicho, goti, meno, hivyo mtu anaweza kuzunguka mwezi mzima akiuliza, na hospitali zikibandika bei hadharani (Marekani wamelazimisha hivyo tangu Januari 2021) ushindani unaweza kumsaidia. Yule wa saa nane usiku tangazo la bei halimsaidii kitu. Yeye anahitaji mtu aliyekwisha kubishana bei kwa niaba yake kabla hajaugua, iwe bima iwe serikali, na huyo mtu naye akiwa na hospitali moja tu ya kubishana nayo, atasaini atakachoambiwa kama vile ndugu wa mgonjwa wanavyosaini pale mapokezi.