Jedwali la Safu Mbili Halimfundishi Mtu Seli

Kila mwaka, kuanzia Februari hadi mtihani wa taifa wa kidato cha sita unapowadia mwezi Mei, huwapokea nyumbani kwangu Nyakato, Mwanza, vijana wa tahasusi za PCB (fizikia, kemia na biolojia) na CBG (kemia, biolojia na jiografia) wanaokuja kufanya marudio ya biolojia. Wengi huja na daftari lenye mwandiko mzuri, na ndani yake, chini ya mada ya seli, hukosi kukuta jedwali la safu mbili: kushoto jina la oganeli, yaani sehemu ndogo ya ndani ya seli, kulia kazi yake. Mitokondria, kuzalisha nishati. Ribosomu, kutengeneza protini. Lisosomu, kumeng'enya. Kiini, kuongoza shughuli za seli. Nimeliona jedwali hilo mara nyingi mno, na nimefikia uamuzi ambao baadhi ya walimu wenzangu hawaupendi: mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa kidato cha sita alifunge, asilifungue tena mpaka awe ameielewa seli kwa njia nyingine.

Sisemi hivi kwa kudharau kukariri. Biolojia ina istilahi nyingi, na asiyezijua hawezi kuandika jibu lolote la maana. Kosa la jedwali ni kwamba linazikata sehemu za seli vipande vipande na kuzipanga kama bidhaa kwenye rafu, ilhali ndani ya seli hakuna sehemu inayofanya kazi peke yake. Aliyelikariri hujibu bila taabu swali la kidato cha pili, lakini akiulizwa kwa nini seli za kongosho zina retikulamu endoplazimu (mtandao wa vijia vya utando) yenye ribosomu nyingi kuliko seli za misuli, hunyamaza. Jibu analo, limetawanyika katika mistari minne ya jedwali lake, ila hakuna aliyemwonyesha jinsi mistari hiyo inavyoshikana.

Kwa hiyo mimi huanza na kongosho lenyewe. Humpa mwanafunzi karatasi tupu na kalamu ya risasi, nikamwomba afuate safari ya protini moja tu, kimeng'enya kinachomwagwa kwenye utumbo mwembamba, tangu kinapoagizwa mpaka kinapotoka nje ya seli. Safari huanzia kwenye kiini, kwa sababu maelezo ya kukitengeneza yamo katika DNA, na DNA haitoki humo. Maelezo hayo hunakiliwa kuwa RNA, nayo RNA hupita kwenye vitundu vya utando wa kiini hadi kwenye ribosomu. Ribosomu huisoma na kuunganisha amino asidi moja baada ya nyingine, na mnyororo unaotokea huingizwa ndani ya retikulamu, ambako hukunjwa ukapata umbo lake. Kutoka hapo protini hufungwa katika kifuko cha utando na kupelekwa kwenye oganeli iitwayo Golgi, hufanyiwa marekebisho na kupangwa, kisha hufungwa tena katika vifuko vinavyosubiri karibu na ukingo wa seli. Seli ikipata ishara, utando wa kifuko huungana na utando wa seli, na kimeng'enya humwagika nje. Mitokondria haitajwi kama kituo katika safari hiyo, lakini mwanafunzi akijiuliza nguvu ya kuunganisha amino asidi na kusafirisha vifuko inatoka wapi, ataichora mwenyewe bila kuambiwa.

Mpangilio huo haukubuniwa na waandishi wa vitabu. Katika miaka ya 1960 George Palade na James Jamieson walichukua vipande vya kongosho la simbilisi, wakavipa kwa muda mfupi amino asidi zenye mionzi, kisha wakatazama mionzi hiyo ilikuwa wapi kadiri dakika zilivyopita. Mwanzoni, baada ya dakika kama 3, ilikuwa kwenye retikulamu yenye ribosomu. Baada ya dakika 20 hivi ilikuwa imefika Golgi. Baada ya saa moja na zaidi ilikuwa kwenye vifuko vya kutolea nje. Palade alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1974 pamoja na Albert Claude na Christian de Duve, yule aliyegundua lisosomu. Ninapenda kusimulia jaribio hilo, kwa kuwa mwanafunzi aliyelielewa hahitaji tena kukariri kipi kinatangulia kipi, na siku akipewa grafu yenye mistari mitatu, mmoja kwa kila kituo, inayopanda na kushuka kwa zamu, hatashtuka.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni lugha. Mtihani huandikwa kwa Kiingereza, na hilo sina ugomvi nalo katika makala hii, lakini marudio yanayofanywa kwa Kiingereza tangu mwanzo humruhusu mwanafunzi kujificha. Sentensi iliyokaririwa ina sauti ya ujuzi hata pale ambapo hakuna ujuzi. Nikimwambia kijana aniambie kwa Kiswahili osmosisi ni nini, bila kutumia hata neno moja la kwenye daftari, ndipo tunapogundua kwa pamoja alipokwama. Akishaelewa, tunarudi kwenye Kiingereza na kuandika jibu kwa istilahi zinazotakiwa, na mara nyingi kazi hiyo ya pili huchukua muda mfupi kuliko tulivyodhani.

Osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando kuelekea upande wenye chumvi nyingi zaidi, ndiyo sehemu ninayoitumia muda mwingi zaidi, na sisi tunaoishi kando ya Ziwa tuna bahati nayo. Mwaka jana niliwachukua wanafunzi wanne tukashuka hadi soko la Mwaloni, Kirumba, mahali panapouzwa dagaa na samaki wakavu, tukasimama mbele ya meza ya kayabo, yaani sangara waliopasuliwa, wakatiwa chumvi na kukaushwa. Mama mwenye meza alitueleza kwamba chumvi ikishawekwa, samaki hutoa maji mengi hata kabla ya kuona jua. Wanafunzi wakaanza kueleza: nje kuna chumvi nyingi, potensheli ya maji (mwelekeo wa maji kuhama) iko chini, kwa hiyo maji yanatoka ndani ya seli kwenda nje, bakteria walio juu ya nyama nao hupoteza maji kwa njia hiyohiyo, wakashindwa kuzaliana, na ndiyo maana samaki haozi. Maelezo yalikuwa mazuri. Kisha binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama utando wa seli unazuia chumvi, mbona kayabo ana chumvi mpaka katikati ya mnofu?"

Swali hilo lina thamani kuliko kurasa nyingi za madesa. Utando wa seli hai hauachi sodiamu, iliyomo katika chumvi, ijae ndani, na ile kidogo inayopenya husukumwa nje na pampu za protini zinazotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli. Sangara aliyekufa hana ATP ya kuendesha pampu, na utando wake huharibika polepole, hivyo chumvi huingia kwa difyusheni, yaani kwa kusambaa yenyewe kutoka ilipo nyingi kwenda ilipo kidogo, mpaka ndani kabisa. Mwanzoni tunaona zaidi maji yakitoka. Baadaye chumvi nayo inaingia. Kwa swali moja binti huyo aliziunganisha mada tatu ambazo daftari lake lilikuwa limezitenganisha: osmosisi, difyusheni, na usafirishaji unaohitaji nishati.

Tuliporudi tulilichukua ziwa lenyewe kama mfano. Maji ya Ziwa Victoria ni maji baridi, yaani si ya chumvi kama ya bahari, na chumvi yake ni kidogo kuliko ile iliyomo ndani ya seli, kwa hiyo maji huingia bila kukoma katika kila kiumbe kidogo kinachoishi humo. Chembe nyekundu ya damu ukiitia kwenye maji kama hayo itavimba na kupasuka. Kwa nini paramesiamu, kiumbe cha seli moja, haipasuki? Ina vakuoli, kifuko kinachojikunyata, hukusanya maji yaliyozidi na kuyatupa nje, tena na tena. Kwa nini seli ya mmea wa majini haipasuki? Ukuta wake wa selulosi huikaza mpaka msukumo wa ndani uzuie maji zaidi kuingia. Na paramesiamu ikihamishiwa kwenye maji yenye chumvi kidogo, vakuoli yake itajikunyata mara chache kuliko kwanza, kwa kuwa maji yanayoingia yamepungua. Mwanafunzi anayeweza kufika hapo kwa hoja zake mwenyewe hana haja ya kuogopa swali la osmosisi, mradi akumbuke kwamba katika potensheli ya maji namba hasi 300 ni kubwa kuliko hasi 800. Kosa hilo dogo la hesabu nimeliona likiharibu majibu ya vijana wenye akili nzuri sana.

Kuhusu vipimo na hadubini nitasema kwa ufupi, ingawa hapa alama nyingi hupotea. Mwanafunzi huchora seli ya mmea, akaandika juu yake kwamba ameiona kwa hadubini ya mwanga, kisha akachora ribosomu na retikulamu. Hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyo karibu kuliko nanomita 200 hivi, na ribosomu haizidi nanomita 30. Utando wa seli wenyewe una unene wa nanomita 7 au 8. Hizo ni kazi za hadubini ya elektroni. Kosa la pili ni kuchora kloroplasti katika ngozi ya kitunguu kwa sababu tu kitunguu ni mmea. Kitunguu hukaa ndani ya udongo na kazi yake ni kuhifadhi chakula. Ngozi yake nyeupe haina kloroplasti, na kijana aliyewahi kuibandua mwenyewe, akaitia tone la ayodini na kuitazama, hakosei tena. Nasikitika kwamba wapo wanaofika kidato cha sita wakiwa wameitazama mara moja tu, tena kwa kupanga foleni nyuma ya darasa zima. Jingine dogo: ribosomu ya 80S imeundwa kwa visehemu vya 60S na 40S, na jumla haitoki 100 kwa sababu S hupima kasi ya kuzama katika mashine ya kuzungusha, wala si uzito.

Mfano wa mwisho ninaoutumia ni mzito zaidi, na huutumia kwa uangalifu. Ukanda wetu wa Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye wagonjwa wengi wa seli mundu, na karibu katika kila kundi ninalofundisha yupo ambaye nyumbani kwao kuna mtoto mwenye ugonjwa huo. Simlazimishi mtu kusema. Lakini mada ya seli ikifundishwa Mwanza pasipo kuigusa seli mundu, naona tumewanyima wanafunzi kitu wanachostahili kukielewa. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kwamba tofauti kati ya hemoglobini ya kawaida na ile ya seli mundu ni amino asidi moja: mahali pa asidi ya glutamiki pameingia valini. Badiliko hilo moja hufanya molekuli za hemoglobini zishikamane na kuwa nyuzi ngumu oksijeni inapopungua, na nyuzi hizo huipinda chembe nyekundu. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Iliyopinda huishi siku 10 hadi 20 hivi, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu.

Hapo huuliza: kwa nini chembe hiyo isijirekebishe kwa kutengeneza hemoglobini mpya? Aliyefuata safari ya protini ya kongosho hupata jibu mara moja. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, haina ribosomu, haina mitokondria. Hakuna pa kuagizia, hakuna pa kutengenezea. Kwa hiyo dawa ya haidroksiurea, inayosaidia kuongeza hemoglobini ya mtoto aliye tumboni, hufanya kazi kwenye uboho, ambako seli changa bado zina viini. Kijana mmoja, baada ya kulieleza hilo mbele ya wenzake, alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa ameelewa kwa nini mdogo wake anapaswa kuimeza kila siku hata akiwa hana maumivu. Sikuwa na la kuongeza.

Yule binti wa Mwaloni alirudi wiki iliyofuata. Nilimpa tena karatasi tupu na nikamwomba achore safari ya kimeng'enya cha kongosho bila kufungua daftari. Alichora kiini, retikulamu, Golgi na vifuko, na mishale yote ilikuwa mahali pake. Kisha akasita, akaniambia, "Mwalimu, kila kifuko kinapoungana na utando wa seli, si kinauongezea utando? Mbona seli haizidi kukua?" Nilimwambia afikiri. Alikaa kimya kwa dakika kadhaa, akachukua kalamu, na pale ukingoni mwa seli akachora kifuko kingine kidogo chenye mshale unaorudi ndani.