Kocha akinyamaza si ati amelala

Jumamosi nilikuwa kiwanja fulani cha Eastlands, watoi wa miaka 12 hivi wanacheza sita kwa sita, koni nne, vumbi tele, na mzazi kando yangu ananung'unika, "Sasa huyu kocha tunamlipa asimame tu mikono mfukoni?" Na kweli kocha alikuwa ameongea mara moja tu kabla ya filimbi: mpira ukipitia pembeni kwanza, bao linahesabiwa mawili. Basi. Akanyamaza.

Makocha wa kupiga kelele pia wana haki yao. 2007 mtafiti Rampinini na wenzake walichezesha wachezaji 20 wa ridhaa mechi ndogo, tatu kwa tatu hadi sita kwa sita, na kocha akiwatia moyo kwa sauti mapigo ya moyo yanapanda kuliko akinyamaza. So kama leo shida yako ni pumzi, piga kelele hadi sauti ikauke.

Lakini hapo walipima moyo, lakteti kwa damu (ile kemikali hupanda misuli ikifanya kazi ngumu), na vile mchezaji anahisi amechoka. Kama aliinua kichwa kabla ya kupokea pasi, hiyo haikupimwa. Na "twende, kaza!" si sawa na "toa! geuka! piga!", hiyo ya pili kocha anacheza mwenyewe, mtoto ni rimoti tu.

Turudi kwa vumbi. Dakika tano za kwanza zilikuwa aibu, wote wamejazana pembeni kama abiria wa matatu ya mwisho, katikati hakuna mtu, mpira unatoka nje kila saa. Mzazi anacheka. Halafu kajamaa kamoja kembamba, namba 7 imefutika nusu mgongoni, kakasimama, kakaangalia, kakatuma mpira upande ule mwingine kabisa, mwenzake yuko peke yake, bao. Mawili! Kocha angemwambia angefanya hivyo dakika ya kwanza, sikatai, lakini angekuwa ametii tu, na siku ya mechi makelele ya mashabiki yakimeza sauti ya kocha angebaki anageuza shingo kutafuta maagizo.

Ukimya nao una bei, kuna beki mmoja aliteseka saa nzima na kosa lile lile na neno moja tu lingemwokoa. Nilimwambia kocha baadaye. Akasema ameliandika, watalifanyia kazi Jumanne.