Kamera Inaona Viungo, Kilo Haizioni

Siku hizi programu ya simu humtazama mtu akitembea, ikaweka nukta mabegani, nyongani, magotini na kwenye vifundo vya miguu, kisha ikaonyesha kilipo kitovu cha uzito wa mwili wake, yaani pale uzito wote unaposawazika. Kwa wanaowafanyisha wagonjwa mazoezi ya kutembea hapa Moshi, hilo si jambo dogo. Mitambo ya maabara ni ghali, tena haipandi mlimani Kibosho. Simu inapanda.

Naiunga mkono kwa kazi moja: kumfuatilia mtu yule yule. Aliyepooza upande mmoja akipigwa video kila wiki, kamera ikiwa pale pale, utaona anavyoanza kuuamini mguu dhaifu. Kipimo kinaweza kukosea, lakini kikikosea vilevile kila wiki, mabadiliko bado yanasomeka.

Tatizo ni kuichukua nukta ile kuwa ukweli. Kilo hazitoki kwenye picha, zinatoka kwenye majedwali ya uzito wa kila sehemu ya mwili. Jedwali maarufu la mtafiti Dempster, la mwaka 1955, linakipa kiwiliwili karibu nusu ya uzito na kila mguu asilimia 16 hivi. Lilitokana na maiti 8 za wanaume, wengi wao wazee, huko Marekani. Lile la mtafiti de Leva la 1996 lilitokana na vijana, wanaume 100 na wanawake 15. Mjamzito wa Rau, hapa Moshi, hayumo kote kuwili.

Chukua mama wa kilo 60, urefu mita 1.6, mwenye mkungu wa kilo 20 kichwani. Bila mzigo kitovu chake kiko kama sentimita 88 kutoka chini. Akijitwika, cha mwili na mzigo hupanda hadi 111 hivi. Programu itabaki kwenye 88.

Kinachonisumbua zaidi ni mguu bandia, maana hospitali ya KCMC hapa Moshi ndiko chuo cha TATCOT kinakofundisha mafundi wa viungo hivyo. Mara nyingi mguu huo ni mwepesi kuliko uliokatwa, lakini programu huupa asilimia 16 zilezile. Basi hukisogeza kitovu upande wake, na mgonjwa aliyeegemea mguu mzima ataonekana amesimama sawasawa. Atasifiwa kwa kosa.

Ningeanza kwa kuupima mguu bandia na kuingiza kilo zake halisi. Kisha mizani mbili za kawaida, moja chini ya kila mguu, mgonjwa akiwa ametulia: zikisoma 40 na 20, kitovu kiko theluthi moja ya njia kutoka mguu wa kilo 40, hata nukta ya simu iseme kiko katikati.