Kinu kinajipoza chenyewe, ila Dodoma maji ni ya nani?

Urani ya Bahi na Manyoni ikitajwa tu, mazungumzo ya vijiweni hapa Dodoma huhamia kwenye vinu vidogo vya nyuklia. Watetezi wake hushika hoja moja: vinajipoza vyenyewe. Ni kweli, ila nadhani hoja hiyo inakoma pale ambapo sisi wa kanda ya kati tulipaswa kuanza kuuliza.

Jiko la mkaa ukilifunika, makaa hayapoi papo hapo. Kinu nacho kikizimwa, bado hutoa karibu asilimia 6 ya joto lake. Baada ya siku nzima, kama nusu asilimia. Fukushima, Japani, Machi 11, 2011, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima tetemeko lilipopiga. Balaa lilikuja na tsunami iliyozamisha jenereta za dizeli, pampu zikakosa umeme. Kwa nchi ambayo gridi yake ya Taifa imewahi kuzimika yote, kinu kisichotegemea pampu si anasa.

Chukua muundo wa kinu kidogo wa kampuni ya NuScale ya Marekani. Kinu kimo ndani ya ganda la chuma, ganda limezama kwenye bwawa lililochimbiwa chini. Hitilafu ikitokea, vali zinafunguka, mvuke unatoka na kugusa ukuta wa ganda uliopozwa na maji ya bwawa, unageuka matone, matone yanarudi kwenye kiini, penye fueli inayotoa joto. Hakuna anayebonyeza kitu.

Ila nguvu hii ya mvuke kupanda na maji kushuka ni ya upole, na upole una gharama zake. Mwaka 2020 washauri wa mamlaka ya nyuklia ya Marekani walihoji jambo ambalo wengi wetu tusingeliwaza: matone yale hayana boroni, ile dawa inayotuliza mmenyuko wa nyuklia. Yakirudi kwa wingi yanaweza kuuamsha upya. Muundo ukabidi urekebishwe.

Hata hivyo, usalama haunisumbui sana. Bwawa la dharura unalijaza mara moja. Kiu ya kweli ni ya kila siku, kinu kinapozalisha umeme: mtambo wa megawati 300 wenye minara ya kupoza hupoteza hewani lita 2 au zaidi za maji kwa kila uniti ya umeme, yaani zaidi ya lita milioni 14 kwa siku. Na sisi tunaishi kwa visima vya Mzakwe, mvua yetu ikiwa ya miezi michache. Kupoza kwa hewa kavu kunawezekana, ila feni hula umeme na mtambo hupungua nguvu saa za jua kali, wakati ule ule tunaouhitaji.

Mtambo wa nyuklia wa Palo Verde, katika jangwa la Arizona, Marekani, hupozwa kwa majitaka yaliyosafishwa ya miji jirani. Kwa hiyo atakayeniletea mchoro wa kinu nitamwomba kwanza tupitie mabwawa ya majitaka ya Swaswa hapa Dodoma, tuone yanapokea lita ngapi kwa siku.