MPSF ilivyogawanyika 2018: voliboli ya wanaume ilipata au ilipoteza?

Kila msimu wa voliboli ya vyuo Marekani ukianza Januari mjadala huu unafufuka: vile vyuo sita vilivyojitoa MPSF na kwenda kuanzisha ligi ya voliboli ndani ya Big West, vilifanya sawa au viliua ligi bora kuliko zote zilizowahi kuwepo kwenye huu mchezo? Mi nimebadilisha mawazo kwenye hili angalau mara mbili, na leo naona bora niyaweke yote mezani, ya upande huu na upande ule.

Kwa asiyefuatilia: kule timu za vyuo zinacheza ndani ya makundi wanayoyaita konferensi, chukulia ni kama ligi ya kanda, na chuo kimoja kinaweza kuwa kwenye konferensi moja kwa mpira wa kikapu halafu kwa voliboli kikawa kwingine kabisa. MPSF, yaani Mountain Pacific Sports Federation, iliundwa 1992 kwa kazi hiyohiyo, kuipokea michezo ambayo konferensi kubwa za magharibi hazikuwa na timu za kutosha kuiendeshea ligi. Ni nyumba ya michezo isiyo na kwao. Voliboli ya wanaume ikaanza kuchezwa humo msimu wa 1993, na tangu siku ya kwanza waliokaa humo walikuwa wakubwa wote wa mchezo, maana ubingwa wa taifa ulianza 1970 na kuanzia hapo mpaka 1993 hakuna bingwa hata mmoja aliyetoka nje ya California. Hata mmoja! Kombe lilikuwa linazunguka UCLA, USC, Pepperdine, San Diego State mara moja, Long Beach State mara moja, basi. Penn State ndio wa kwanza kulitoa nje ya jimbo, 1994.

Orodha ya wanachama haijawahi kutulia lakini. San Diego State, hao hao mabingwa wa 1973, walifunga timu yao ya wanaume, Loyola Marymount wakafunga, University of the Pacific wakafunga baada ya msimu wa 2014. Wakati huo huo BYU kutoka Utah na Hawaii kule katikati ya bahari wakawa vigogo, wote wawili wakabeba ubingwa (wa Hawaii wa 2002 ulifutwa baadaye), na California Baptist wakaingia 2012. Hapo ndipo ligi ilipofika timu 13 na mechi 24 za ligi kwa kila timu. Nasema bila kusita kwamba sijaona ligi ngumu kama ile, timu ya tisa kwenye msimamo ilikuwa inaweza kumfunga bingwa wa kanda nyingine yoyote, na Ijumaa usiku ukichagua mechi ya kuangalia unaumia roho kwa zile unazoziacha.

Sasa shida ilikuwa hapo hapo kwenye utamu. Mpaka 2013 mashindano ya taifa yalikuwa na timu NNE tu. Tatu ni mabingwa wa kanda, mmoja wa MPSF, mmoja wa MIVA ya kati-magharibi ambayo ipo tangu 1961, mmoja wa EIVA ya mashariki, halafu nafasi moja ya kuchaguliwa na kamati. Piga hesabu mwenyewe. Timu 13 za MPSF, na hata kamati ikiwapenda vipi zinakwenda mbili. Ilishatokea 2012 fainali ikawa UC Irvine na USC, 2013 UC Irvine na BYU, ndugu wa ligi moja wanamalizana kwenye fainali ya taifa, huku wenzao wenye uwezo wa kufika hapohapo wanaangalia kwenye TV. 2014 nafasi zikawa sita baada ya Conference Carolinas kupewa tiketi yake, na tiketi ile inakwenda kwa vyuo vidogo ambavyo kiwango chao, tuseme ukweli, kilikuwa mbali sana na cha timu ya saba ya MPSF. Sisemi hawakustahili, mchezo lazima ukue na huko pia. Nasema wa magharibi waliona njia ilipo: tiketi zinagawiwa kwa konferensi, kwa hiyo ukitaka tiketi mbili uwe na konferensi mbili.

Ndicho kilichofanyika. Long Beach State, UC Irvine, UC Santa Barbara, CSUN na Hawaii walishakuwa Big West kwa michezo mingine, wakamuongeza UC San Diego ambaye wakati huo alikuwa bado daraja la pili na kwa mengine hakuwa mwanachama kabisa, wakafika sita, na sita ndio kiwango cha chini cha konferensi kupata tiketi ya moja kwa moja. Msimu wa 2018 wakaanza. Mashindano ya taifa yakapanda hadi timu saba mwaka huohuo.

Wanaoutetea mgawanyiko huwa wanakimbilia makombe, na kweli makombe yapo. Long Beach 2018, Long Beach tena 2019 wakiwafunga Hawaii, 2020 ikafutwa kwa korona, Hawaii 2021 na 2022, halafu Long Beach 2025 wakiwapiga UCLA seti tatu bila. Matano kati ya saba yaliyochezwa kuanzia 2018 mpaka 2025. Fainali ya 2019 na ya 2022 zote zilikuwa za Big West watupu. Ukimuonyesha mtu orodha hiyo atakwambia kesi imeisha.

Mi hapa ndipo ninapokataa. Kikosi kile cha Long Beach, cha TJ DeFalco, Josh Tuaniga na Kyle Ensing, hakikujengwa na Big West. Vijana wale waliingia chuoni chini ya kocha Alan Knipe msimu wa 2016, wakakua wakipigwa na kupiga ndani ya MPSF ya timu 12, DeFalco akawa mchezaji bora wa taifa 2017 kabla hata ligi mpya haijaanza. Kwa hiyo makombe mawili ya kwanza ya Big West ni mavuno ya shamba la MPSF, mtu asituchanganye. Hawaii pia, kocha wao Charlie Wade alikuwa anajenga pale miaka kabla ya kuhama.

Ila na wale wanaoililia MPSF ya zamani nao wanasahau kitu. Misimu minne ya mwisho ya ligi kubwa ile, 2014 mpaka 2017, haikutoa bingwa hata mmoja! Loyola Chicago mara mbili, Ohio State mara mbili, wote wa MIVA. Stanford alipoteza fainali 2014, BYU akapoteza mbili mfululizo. Mechi za vita wiki baada ya wiki, safari za ndege, magoti ya vijana, halafu Mei unakutana na mtu aliyefika akiwa amepumua. Siwezi kuthibitisha kwamba uchovu ndio uliowamaliza, Ohio State walikuwa wazuri kweli, lakini ligi ya mechi 10 kama ya Big West inampa kocha nafasi ya kupanga msimu wake mwenyewe, akitaka ngumu atafute ngumu, akitaka kumpumzisha seta wake ampumzishe. Hilo kwangu lina uzito kuliko hesabu ya makombe.

Kilichopotea kinauma upande wa watu. BYU na Hawaii walikuwa wanakutana kila mwaka kwa lazima, usiku mbili mfululizo ukumbi uleule, na Hawaii ndiko kwenye mashabiki wengi kuliko chuo kingine chochote cha voliboli ya wanaume. UCLA na Long Beach wako mji mmoja tu kwa hesabu ya Los Angeles, foleni ikiwa nzuri ni kama saa moja, na ile mechi sasa inategemea makocha kukubaliana kwenye simu. Wanakubaliana, sikatai, mpaka leo wanachezeana kila msimu. Lakini mechi ya nje ya konferensi haina presha ya mechi ya msimamo na kila mchezaji anajua.

Waliobaki MPSF walikuwa BYU, Pepperdine, Stanford, UCLA na USC, majina makubwa lakini watano, wakawaita Grand Canyon kutoka MIVA na Concordia Irvine wa daraja la pili, wakafika saba. Baadaye wakaingia wadogo zaidi kama Menlo na Vanguard. Watu wanasema ligi imeshuka hadhi. Mi naona MPSF imerudi kwenye kazi iliyoizaa, kupokea wasio na pa kwenda, na hao wadogo ndio wanaoifanya nyumba isianguke. Na UCLA hawakushuka popote, walibeba 2023 na 2024 na kufikisha makombe 21.

Tena angalia kilichotokea konferensi ya Pac-12 iliposambaratika 2024. UCLA na USC wakaenda Big Ten, Stanford akaenda ACC, BYU alishakwenda Big 12 mwaka mmoja kabla. Hakuna hata konferensi moja kati ya hizo yenye ligi ya voliboli ya wanaume. Timu zilizokuwa zinarukishwa bara zima kwa michezo mingine, kwenye voliboli zikabaki MPSF, zinacheza na majirani, zinalala kwao. Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo mara ya pili. Nilikuwa naiona MPSF kama mabaki, kumbe ndiyo iliyowakinga vijana hawa na wazimu wa pesa za TV.

Lakini kinga ya konferensi ina mwisho, kwa sababu wakata bajeti wako chuoni. Sheria ya 1972, Title IX, inataka wanawake wapewe nafasi za michezo sawa na wanaume, sheria nzuri na naiunga mkono kwa moyo wote, ila futiboli ya Kimarekani peke yake ilikuwa inabeba skolashipu 85 na hakuna mkuu wa michezo aliyekuwa tayari kuigusa, basi wanakatwa wanaume wa michezo midogo. Voliboli ya wanaume miaka yote hiyo ilikuwa na skolashipu 4.5. Nne na nusu! Kwa kikosi cha watu karibu ishirini! Stanford walitangaza 2020 kufuta michezo 11 na voliboli ya wanaume ikiwemo, wahitimu wakapambana mpaka chuo kikarudi nyuma 2021. Grand Canyon hawakupata bahati hiyo, wamefika nne bora ya taifa 2024, na 2025 timu ikashushwa kuwa klabu ya wanafunzi. Mwaka mmoja tu.

Kuna wanaotaka Big Ten ianzishe ligi yake, wana UCLA, USC, Ohio State na Penn State tayari, bado wawili wafike sita. Pesa zingeongezeka, na TV pia. Mi sitaki, kwa sababu MIVA itampoteza Ohio State, EIVA itampoteza Penn State ambaye ndiye nguzo yake, na MPSF itabaki bila Los Angeles, unatengeneza ligi moja tajiri na kuziacha tatu zinahema.

Na Big West yenyewe isijione imefika. Hawaii walikubali 2024 kuhamia Mountain West kuanzia Julai 2026, na Mountain West haina voliboli ya wanaume. Timu ya voliboli ya Hawaii ikiondolewa Big West, wanabaki Long Beach, Irvine, Santa Barbara, UC San Diego na CSUN. Watano. Ndio maana kwangu mimi voliboli ya Hawaii lazima ibaki palepale hata kama michezo mingine yote inahama, iwe mwanachama wa mchezo mmoja, kama walivyoishi miaka ishirini na zaidi ndani ya MPSF.