Hamira Haisikii Kengele

Jamani, aliyepanga ratiba ya shule huyo hajawahi kukanda maandazi! Sayansi Kimu, somo la mapishi na kazi za nyumbani, imepewa vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, na andalio la somo linataka humo humo utangulizi, maarifa mapya, tathmini na hitimisho. Hamira je, iandikwe safu gani?

Tupige hesabu. Wanafunzi 48, makundi 8. Kila kundi unga robo kilo, sukari gramu 50, hamira ya chenga kijiko kimoja cha chai, tui vuguvugu kama mililita 150, iliki na chumvi kidogo. Kupima dakika 10. Kukanda 10, mpaka donge liache kung'ang'ania vidole. Kuumuka 45, na hiyo ni kwa joto la Dar. Iringa mwezi wa saba, andika barua ya kuomba vipindi vya kesho. Kusukuma na kukata 10. Kuumuka mara ya pili 15. Kukaanga: karai ni mbili, kwa hiyo makundi manne yanapanga foleni kwa kila karai, awamu mbili kwa kundi, dakika 4 kila awamu, hizo 32. Jumla 122! Na majina hayajaitwa.

Halafu mdhibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, anauliza mbona somo halikufika hitimisho. Hitimisho lipo kwenye beseni, mheshimiwa, limefunikwa kitambaa.

Dawa ni kudanganya kwa adabu. Mwalimu akande kilo 2 zake saa moja kabla. Wanafunzi wakikanda ya kwao, yanafunikwa yawasubiri wenzao wa mkondo B watakaoingia baadaye, na waliokanda wanasukuma yale ya mwalimu yaliyokwisha kuumuka. Sasa ni dakika 77. Zimebaki tatu za kuita majina, tathmini na kuosha karai yenye mafuta ya moto! Basi makundi yasianze kukata pamoja: la kwanza likifika kwenye karai, la mwisho liwe bado linasukuma. Na donge la mkondo B litiwe nusu ya hamira, la sivyo watakuta limefura, limechacha na linanukia pombe, mzazi aulize watoto wanafundishwa nini.

Mkaa uwashwe dakika 20 kabla ya kengele, maana andalio halina safu ya kupepea.

Kisha kuna wale wenye haraka, wanamimina tui linalotoka jikoni linafuka. Chovya kidole: ukikitoa mbio, hamira nayo ingekimbia kama ingekuwa na miguu. Inakufa, donge linakaa vile vile kama tofali, na kundi zima linalaumu unga. Mafuta nayo yana kesi yake. Yakiwa hayajapata moto andazi linayanywa mpaka linalowesha daftari. Yakizidi, nje kahawia, ndani uji. Dondosha kipande cha donge: kikizama kikatulia, ngoja, kikipanda na mapovu papo hapo, tia.

Robo kilo inatoa maandazi 12 madogo. Makundi 8, maandazi 96, kila mtoto mawili kamili. Hesabu safi kabisa, ila safu ya idadi kwenye andalio ina wavulana na wasichana tu. Mkuu wa shule hayumo, mwalimu wa taaluma hayumo, mlinzi aliyenusa harufu tangu getini hayumo, na wote wanakuja kudhibiti ubora. Andika unga kilo 2 na robo.